Brigi iliyopinda kabla ya ubao wa kwanza: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki ni cha meli ya mfano iliyojengwa kutoka kwenye seti ya mbao: brigi (meli ya matanga yenye milingoti miwili) ya kivita ya Uingereza ya aina ya Cruizer, skeli 1:64. Meli halisi za aina hiyo zilichorwa na Sir William Rule, na zaidi ya mia moja zilijengwa katika miaka ya vita na Ufaransa ya Napoleon. Sitaha ya mizinga ilikuwa na urefu wa futi 100, na upana wa meli ulikuwa futi 30 na inchi 6. Gawanya kwa 64, unabaki na sitaha ya sentimita 47.6 na upana wa sentimita 14.5. Uwiano huo ndio wa kuangalia kwanza. Meli yenye upana unaokaribia theluthi ya urefu wake huwa na omo (sehemu ya mbele) nene, ya mviringo, na kwenye omo ya namna hiyo kukadiria kwa macho hakufiki mbali.

Seti yenyewe haikuwa na ajabu. Mkuku (uti wa mgongo wa meli) wa ndani ni plaiwudi ya milimita 5. Mataruma (mbavu za meli) 11 ya plaiwudi ya milimita 4 yanachomekwa humo kwenye nafasi zilizokatwa kwa leza. Sitaha ni plaiwudi ya 1.5 inayolazwa juu ya mataruma; halafu matabaka mawili ya mbao, la kwanza fito za lindeni za 1.5 kwa 5, la pili fito za mjozi za 1 kwa 4. Mkuku wa nje, mti wa omo na fashini (mti wa nyuma unaoshika usukani) ni mjozi wa unene wa 5. Katika maelezo haya taruma namba 1 ni la omo na namba 11 ni la tezi, yaani nyuma, na vipimo vyote ni milimita isipokuwa palipotajwa vingine.

Hali ilivyokuwa

Bodi, yaani kiwiliwili cha meli, ilikuwa imemaliza tabaka la kwanza. Kuanzia taruma la 3 kuelekea omo, mbao zilipandana kama vigae vya paa, kila mmoja ukiacha ngazi ya 0.8 hadi 1 juu ya mwenzake. Ncha kadhaa zilikuwa zimefumuka kwenye mti wa omo na kurudishwa kwa supaglu. Tezini palikuwa na pengo la pembetatu, lenye upana wa 11 pale pafikapo fashini, lililojazwa puti. Puti ilikuwa imepasuka mara mbili na kujazwa tena. Ukipitisha kiganja ubavuni ulihisi kila taruma, mbavu moja moja, kama za mbwa mwenye njaa. Na milingoti miwili, ilipochomekwa tu kwa kujaribu, ilipishana kama mkasi ukiitazama kutoka mbele.

Hukumu ya fundi ilikuwa kwamba fito za seti ni mbovu, zimekaukiana, hazikubali kupinda. Ni hukumu inayosikika sana, na mara chache ni ya kweli. Lindeni ni katika mbao tiifu kuliko zote zinazowekwa kwenye seti. Ikikataa kukaa mahali, aghalabu inaambiwa ikae mahali pasipokuwa pake.

Jambo moja zaidi alilolieleza mwenyewe bila kuliona kuwa na uzito: alipiga mbao 14 za ubavu wa kushoto mfululizo, ndipo akaanza kulia.

Vipimo

Bodi iligeuzwa chali. Rula ya chuma ya sentimita 50 ilipolazwa ubavuni mwa mkuku wa ndani, ikigusa ncha zote mbili, katikati palikuwa na nafasi ya 4. Mkuku ulikuwa umepinda kama upinde kuelekea kushoto. Kuna njia ya pili ya kuthibitisha hilo bila kutegemea rula moja: pima umbali kati ya taruma na taruma kwenye kingo za nje, kushoto na kulia. Mataruma haya yamepangwa kila baada ya 39. Katikati ya meli, upande wa kulia yalisomeka 38.5 na upande wa kushoto 39.5. Tofauti ya 1 kwenye upana wa 145 ndiyo hasa inayotarajiwa mkuku wa 430 ukipinda kwa 4, kwa hiyo vipimo viwili vilishuhudiana.

Kujipinda ni jambo moja, kujisokota ni jingine. Kwa msokoto zilitumika fito mbili zilizonyooka kabisa, moja ikalazwa kukatiza taruma la 2, nyingine taruma la 10, kisha zikatazamwa kwa jicho moja, ya mbele juu ya ya nyuma. Ya mbele ilishuka kulia kwa 3 katika kila 100. Milingoti ya brigi hii inasimama karibu na taruma la 3 na la 7, yaani nusu ya safari kati ya sehemu hizo mbili zilizopimwa, hivyo tofauti yake ni 1.5 kwa 100. Mlingoti ukipanda 500 juu ya sitaha, vilele viwili vinaachana kwa 7.5. Hakuna kamba ya kuvuta inayorekebisha hilo. Ukilazimisha kwa kamba, upande mmoja unakaza na mwingine unalegea, na kila foromali (boriti ya tanga) inayopandishwa baadaye inatangaza kosa upya.

Kipimo cha tatu kilikuwa cha unene kwenye fashini: 8. Cha nne kilikuwa cha kuhesabu tu. Kwenye ubavu wa katikati kulikuwa na mbao 22. Kwenye mti wa omo zilifika 13. Tisa zilizobaki ziliishia njiani, zimechongwa kama sindano, zikiegemea kingo za mbao za juu yake.

Hesabu iliyorukwa

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo, na ndipo mafundi wengi wa meli ya kwanza au ya pili hukwama, kwa sababu karatasi ya maelekezo husema "endelea kupiga mbao hadi ufikie mkuku" na kunyamaza.

Chukua ukanda wa karatasi, ushikize kwenye ukingo wa sitaha kwa pini, uufuatishe juu ya taruma hadi mkuku, uweke alama. Kwenye taruma la katikati ukanda ulisoma 110. Kwenye mti wa omo, kutoka sitaha hadi pale mkuku unapoanza kujikunja kupanda, 66. Tezini, kwenye fashini, 121. Ufito una upana wa 5. Katikati, 110 kwa 5 ni mbao 22, barabara. Lakini mbao hizohizo 22 zikifika omo zinakuta 66 tu, kwa hiyo kila mmoja una haki ya 3. Fundi aliziacha zote na 5. Kumi na tatu zikajaza 65, nafasi ikaisha, na tisa zikakosa pa kwenda. Hazikukataa kupinda, hazikuwa na nafasi.

Ziko sababu za kimaumbile kwa nini ubao usiopunguzwa huleta ngazi. Ufito wa 1.5 kwa 5 hupinda kwa urahisi kufuata unene wake, lakini kuupinda kwa upana wake ni kama kujaribu kupinda rula ikiwa imesimama kwa ukingo. Ukilazimishwa kushuka omoni ukiwa na upana kamili, ukingo mmoja unainuka na mwingine unazama. Ukingo ulioinuka ndio ile ngazi. Pini na supaglu huushikilia kwa siku mbili tatu, kisha unyevu hewani ukibadilika, ncha inafumuka.

Kanuni inayotumika ni kwamba ubao haupunguzwi chini ya nusu ya upana wake. Hapa 3 kwa 5 ni asilimia 60, kwa hiyo brigi hii haikuhitaji ujanja wowote omoni zaidi ya kupunguza. Laiti omo ingesoma 50, kila ubao ungebaki na 2.3, na hapo ingebidi mbao mbili ziungane kuwa mmoja kabla ya kufika mtini. Tezini mambo yako kinyume: 121 ni zaidi ya 110 kwa 11, na mbao haziwezi kutanuliwa. Pengo lile la puti halikuwa ajali. Lilikuwa jibu sahihi la hesabu ya kutoa, likingoja kujazwa na mbao mbili za nyongeza zenye ncha, zinazoanza kama sindano karibu na taruma la 9 na kufika fashini zikiwa na upana wa takriban 5.5.

Kosa jingine lilifichwa na hilo la kwanza. Ubao wa chini kabisa, unaogusana na mkuku, ulikuwa umepandishwa kwenye mti wa omo kwa 25 kupita mahali pake. Ubao huo unatakiwa uishie pale mkuku unapoanza kujikunja, basi. Ukiuachia upande juu zaidi, unakula nafasi ya mbao zote za juu yake, na unaonekana wa kupendeza kabisa siku unapoupiga. Madhara yake yanakuja wiki mbili baadaye, mbao kumi juu. Hata mwenye kupunguza mbao kwa uangalifu, akikosea huo mmoja, hesabu yake haifungi.

Hanamu

Mbavu zilizohisika kwa kiganja zilitokana na mataruma kuachwa na kingo za mraba, bila hanamu, yaani bila kukatwa mshazari. Taruma limekatwa kwa leza, ukingo wake umesimama wima. Katikati ya meli hilo halina tatizo kwa kuwa mbao zinapita karibu sambamba na mkuku. Kadiri unavyokaribia omo au tezi, mbao zinaingia kwa mshazari, na ukingo wa mraba unagusa ubao kwa kona tu. Kona hiyo inafanya mambo mawili: inasukuma ubao nje ya mstari wake, na inaacha gundi ishike kwenye uzi mwembamba badala ya uso wa upana wa 4.

Kukata hanamu kwa taruma la 1 la meli hii kunaondoa karibu 3 kutoka kona ya mbele. La 2 kidogo zaidi ya 2. La 3 karibu 1. Kuanzia la 4 hadi la 7 ni kugusa tu kwa msasa. Kuanzia la 8 kwenda tezini hanamu inageukia upande wa nyuma. Alama nyeusi iliyoachwa na leza ndiyo kiongozi bora: kwenye ukingo usiotakiwa kupungua, weusi ubaki, ukiuona umefutika, umekwenda mbali mno. Jaribio ni ufito mwembamba uliolazwa kwenye mataruma yasiyopungua matatu kwa pamoja. Ulale bapa juu ya yote, usiruke lolote, usione mwanga chini yake.

Nafasi iliyo kati ya mti wa omo na taruma la 2 inastahili kujazwa kwa vipande vya balsa au lindeni vilivyochongwa kufuata umbo. Seti nyingi hazivitoi. Bila hivyo, ubao kwenye sehemu yenye mkunjo mkali kuliko zote unategemea sehemu mbili tu za kushika, na mtu anashangaa kwa nini kushoto na kulia havifanani.

Na fashini: mkuku wa ndani ni 5, tabaka la kwanza linaongeza 1.5 kila upande, jumla 8 kama ilivyopimwa. Tabaka la pili lingeifikisha 10, wakati usukani na fashini ya nje ni 5. Ingekuwa meli yenye kisigino. Plaiwudi ilitakiwa ikondeshwe pale hadi 1.5 kabla ya ubao wowote kupigwa, kuanzia karibu na taruma la 8, ukanda wa kukondeshwa ukiwa na urefu wa 3 tu kutoka chini na kufikia karibu 20 kwenye fashini. Tabaka la kwanza likishapigwa msasa hadi 0.75 hapo, hesabu inakuwa 1.5, ongeza 1.5 za pande mbili, ongeza 2 za mjozi: 5.

Kuziba au kubomoa

Lingekuwa suala la ngazi na pengo peke yake, ushauri ungekuwa puti, msasa, na kuendelea. Tabaka la kwanza lipo ili lifunikwe, na watu hupoteza muda mwingi kuliremba. Hata hapo kuna mpaka: ubao wa 1.5 wenye ngazi ya 1 ukisuguliwa hadi usawa unabaki na 0.5, na msasa unaweza kutoboa. Ingebidi kupaka epoksi kwa ndani kwanza, pale panapofikika, kisha kujaza sehemu zilizozama badala ya kusugua zilizoinuka.

Liko pia swali kama mbao nne za juu zingeweza kusalimishwa, kwa kuwa zilikaa vizuri. Kwa hesabu, inawezekana: nne zenye upana kamili zinachukua 20, zinabaki 46 kwa mbao 18, yaani 2.6 kila mmoja, juu kidogo ya nusu. Lakini puti haigusi msokoto, na mbao nne kila upande zinatosha kabisa kuufunga. Zote zikatoka.

Gundi nyeupe ya mbao hulainika kwa pombe ya isopropili. Pamba iliyoloweshwa hulazwa juu ya kiungo na kufunikwa kwa plastiki, huachwa dakika kadhaa, kisha kisu bapa kisicho na makali hupitishwa. Ncha zilizopigwa supaglu zinahitaji asetoni. Vyote viwili vinashika moto upesi na mvuke wake ni mkali, kwa hiyo madirisha wazi na moto mbali. Kuvuta kwa nguvu ni kukaribisha kuvunja ulimi wa taruma. Hapa ulivunjika mmoja, wa taruma la 9 kushoto, ukarudishwa kwa gundi na kipande cha ufito nyuma yake.

Bomoabomoa hiyo ilitoa ushahidi ambao vipimo vya mwanzo visingeweza kuutoa, kwa sababu msokoto ulipimwa tena kila hatua. Mbao zikiwepo: 3 kwa 100. Mbao zote zilipotoka: 2. Sitaha ilipobanduliwa: 0.5. Kwa hiyo ule upigaji wa mbao 14 upande mmoja, unaolaumiwa kila mahali, ulichangia theluthi tu. Sehemu kubwa ilifungwa na sitaha. Mataruma yaligundishwa bila guni (kipimo cha pembe mraba), kiunzi kikiwa kimeshikwa mkononi, kisha plaiwudi ya sitaha ikalazwa na kubanwa kwa pini huku taruma la 2 likiwa limeinama. Plaiwudi iliyogundishwa juu ya mataruma 11 ni kama kifuniko cha sanduku: ikishakauka, umbo lililopo siku hiyo ndilo la kudumu, liwe zuri au baya.

Mpindo wa 4, kwa upande wake, haukupungua sana: ulibaki 3.5. Huo haukutoka kwa mbao wala sitaha. Plaiwudi ya mkuku ilikuwa imepinda tangu kwenye boksi, na rula ya chuma siku ya kwanza ingeuonyesha kwa nusu dakika. Ukiwahi, dawa ni nyepesi: lowesha upande wa ndani wa mpindo, ubane kati ya mbao mbili bapa, uache siku nzima au mbili.

Ipo namna nyingine ya mkuku kupinda ambayo hapa haikutokea lakini inafanana nayo. Nafasi za mataruma zikiwa za kubana na mtu akazipigia nyundo, kila moja inatanua kidogo ukingo wa juu wa mkuku. Kumi na moja zikitanuka 0.1 kila moja, ukingo wa juu unarefuka kwa 1.1, na ncha za mkuku zinashuka karibu 2. Taruma liingie kwa shinikizo la kidole gumba; lisipoingia, lisuguliwe.

Kujenga upya

Kiunzi kikawekwa kwenye ubao bapa wa unene wa 20, mkuku ukibanwa kwa jozi nne za vyuma vya pembe vilivyofungwa kwa skrubu, vikifuata mstari mmoja uliochorwa kwa penseli. Kwa kuwa mataruma yalikuwa tayari yamegundishwa, mkuku haukuweza kunyooshwa kwa kubana peke yake. Upande wa kulia, ulio ndani ya mpindo, vilichomekwa vipande vya mbao vya urefu wa 35 kamili (39 kutoa unene wa taruma) kati ya taruma na taruma, vikisukumwa hadi kushoto na kulia viliposomana, kisha vikagundishwa hapohapo, na vya kushoto vikafuata. Vipande hivyo 20 vinabaki ndani ya meli daima, havionekani, na vinafanya kiunzi kuwa kigumu kuliko seti yenyewe ilivyokusudia. Kwa maoni yetu vinastahili kuwekwa kwenye kila brigi ya ukubwa huu, iliyopinda au isiyopinda. Mpindo ulibaki 0.5, msokoto haukupimika kwa fito. Ndipo hanamu ikakatwa, fashini ikakondeshwa, sitaha ikarudi, kiunzi kikiwa bado kimebanwa.

Mbao zinazohitajika ni 44 kwa pande mbili. Ufito wa mita moja unatoa mbao mbili, kwa kubana, kwa hiyo fito 22, na nne za akiba. Mbao za nyongeza za tezini hutoka kwenye masalio. Fito za zamani hazikurudishwa kazini. Gundi iliyoingia kwenye vinyweleo vya mbao inazuia maji, na ubao hupinda sehemu na kukataa sehemu.

Nusu mzingo, yaani upande mmoja kutoka sitaha hadi mkuku, uligawanywa katika mikanda mitatu ya mbao 8, 7 na 7. Katikati ya meli mikanda hiyo ni 40, 35 na 35. Omoni ni 24, 21 na 21. Mipaka iliwekwa kwa uzi mweusi ulioshikizwa kwa pini, kutoka omo hadi tezi, na ukatazamwa kutoka kila upande kabla ya kukata chochote. Uzi huonyesha mkunjo mbaya ambao namba haziuoni. Kwenye taruma la 3 mpaka wa mkanda wa pili ulisogezwa juu kwa 1.5 kwa ajili hiyo tu. Ndani ya kila mkanda, upana wa ubao kwenye kila taruma ni upana wa mkanda hapo ukigawanywa kwa idadi ya mbao. Mkanda wa juu, kwa mfano, ulitoa 5 kwenye taruma la 5, 4.7 kwenye la 4, 4.2 kwenye la 3, 3.6 kwenye la 2 na 3 mtini.

Kila ubao ulipunguzwa pamoja na pacha wake wa upande wa pili, viwili vikibanwa chini ya rula ya chuma, kisu kikipita mara tatu au nne nyepesi badala ya moja nzito, kisha randa ndogo ikamaliza. Upunguzwe ukingo mmoja tu, ule utakaogusana na ubao uliokwisha kupigwa, ili ukingo wa nje ubaki mnyoofu wa kiwandani kwa ajili ya unaofuata. Ukingo huohuo husuguliwa hanamu ndogo kwa ndani pale ubavu unapojikunja, la sivyo viungo vinafunga kwa ndani na kupasuka kwa nje.

Lindeni inataka dakika 15 hadi 20 kwenye maji ya moto. Baada ya hapo hubanwa mahali pake kwa vibanio na pini bila gundi, ikaushwe usiku kucha, ndipo igundishwe. Wenye haraka hugundisha ikiwa mbichi, na hilo linastahili kuelezwa kwa nini ni kosa: mbao zilizolowa huvimba kwa upana, sehemu chache za kumi za milimita kila mmoja. Zikikauka baada ya kugundishwa zinanywea, na viungo vyote vinafunguka kama mistari ya mwanga. Ukiona bodi nzima ina nyufa nyembamba zilizolingana, sababu ni hiyo.

Mpango wa kupiga ulikuwa mmoja kushoto, mmoja kulia, mbili kutoka sitaha kwa kila mmoja kutoka mkuku, hadi pengo la mwisho ubavuni, chini kidogo ya mkunjo wa tumbo, ambako tabaka la pili na shaba vitafunika. Ubao wa mwisho hukatwa kwa ukanda wa karatasi ulioshindiliwa pengoni kwa ukucha. Pini zilitobolewa njia kwanza kwa drili ya mkono ya 0.7, pini inayopigwa moja kwa moja kwenye ukingo wa plaiwudi ya 4 huipasua, na taruma lililopasuka halishiki tena kitu. Supaglu haikutumika kwenye kingo za mbao, kwa kuwa inapoingia kwenye lindeni inaifanya ngumu kuliko jirani yake, na msasa unachimba pande zake.

Msasa ulianza na namba 120 kwenye kipande cha cork kinachonyumbulika, ukaishia 180. Hakuna haja ya 240 chini ya tabaka la pili. Gundi inapenda uso wenye mikwaruzo.

Tabaka la pili

Mjozi wa upana wa 4 unaleta hesabu mpya: 110 kwa 4 ni 27.5, yaani mbao 28, kila mmoja ukianza na 3.9 katikati na kufika omo na 2.4. Bado ni zaidi ya nusu. Mjozi hauna upole wa lindeni; unahitaji nusu saa majini na joto la pasi ndogo, na ukikunjwa ghafla unavunjika kwa ndani, ufa ukionekana tu baada ya vanishi. Vumbi lake linawasha koo na macho, barakoa si mapambo.

Chini ya mstari wa maji brigi hizi zilivikwa shaba. Bamba halisi lilikuwa futi 4 kwa inchi 14, ambalo kwa 1:64 ni 19 kwa 5.6. Bamba za mfano ni nyembamba mno, zenye gundi nyuma, na zinaonyesha kila bonde lililo chini yake kwa ukali kuliko rangi yoyote. Kwa sababu hiyo, kabla ya bamba la kwanza bodi iligeuzwa chini ya taa iliyowekwa pembeni, karibu usawa na ubavu, na kivuli kilionekana mahali pamoja: taruma la 9 kushoto, ule ulimi uliovunjika, uliokaa chini kwa 0.6. Palijazwa kwa kipande cha mjozi kilichochongwa kufuata bonde, urefu wa 60, kikasuguliwa hadi kivuli kikatoweka. Milingoti ilipochomekwa tena kwa kujaribu, vilele viliachana kwa chini ya 1, kiasi ambacho kabari nyembamba chini ya mlingoti wa nyuma ilikimaliza.